Kiti cha Penina

Penina alipofariki hakuna aliyenipigia simu. Niliona habari zake katika lile kundi la WhatsApp la watu tuliowahi kufua mashuka ya hoteli za Diani, kati ya picha ya maandazi ya mtu na tangazo la shamba linalouzwa Matuga. "Mwenzetu Penina ametutoka. Mazishi Jumatano, nyumbani kwake Taru." Nilikuwa jikoni, mwiko mkononi. Nikausonga ugali mpaka ukashika chini, nikaendelea kuusonga hivyo hivyo, maana nilijua nikiuacha mwiko nitalazimika kukaa na kufikiri. Wenzangu waliandika pole na kuweka vile vimikono vya kuomba. Mimi sikuandika kitu. Miaka ishirini na saba nimeishi nikijua nina neno la kumwambia Penina, na kila mwaka nilijiambia mwaka ujao. Taru si mbali. Mtu hutoka Ukunda asubuhi akala chakula cha mchana Taru. Sikwenda kwa sababu niliogopa, na uoga huo nikaupa majina mazuri mazuri: kazi, watoto, magoti.

Mwaka ninaousema nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na nilikuwa najua kila kitu. Nilikotoka bara hakuna haja ya kukueleza. Nilishuka pwani na sanduku moja na Biblia moja, na Penina, aliyenitangulia kwa miaka mitano, akanipokea chumbani kwake Ukunda na kunitafutia kibarua katika hoteli aliyofanya kazi yeye, pale pale londri. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba sita, ukumbi mrefu katikati, na kuta ambazo hazikufika kwenye makuti. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita humwambia pole. Tulikuwa na kitanda kimoja cha futi nne, stovu ya mafuta ya taa, ndoo mbili, na pazia la maua ambalo Penina alilinusuru hotelini lilipokuwa linatupwa. Yeye alilala upande wa ukutani, kwa kuwa nilimwambia ukuta hunitia baridi. Alinipa msumari wa karibu na mlango nitundike nguo zangu, na za kwake akazikunja ndani ya katoni. Kila kilichokuwa kizuri katika chumba kile kilikuwa upande wangu. Sikumbuki hata siku moja niliyoliona hilo wakati ule, na leo siwezi kukikumbuka chumba kile bila kuliona.

Kanisa letu lilikuwa ukumbi wa matofali usio na dari, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Tuliishika Sabato, yaani tangu jua lizame Ijumaa mpaka lizame Jumamosi. Hakuna kupika, hakuna kufua, hakuna kuuza wala kununua. Sasa fikiria, karibu sote tulikuwa watu wa bara tuliokuja kutumikia hoteli, wapishi, wafagizi na wafuaji, na Jumamosi ndiyo siku hoteli zinapofurika. Kila mmoja alikuwa na hila zake za kuipata Jumamosi. Kanisa halikuwa na mabenchi. Kila mshiriki alinunua kiti chake cha plastiki, akaandika jina lake nyuma ya egemeo kwa rangi ya kucha, na kiti hicho ndicho kilikuwa ushirika wake. Ukikosa kosa kubwa na likathibitishwa, kiti chako kilitolewa, kikawekwa barazani chini ya dirisha, na wewe ukakaa huko mwaka mzima. Mahubiri uliyasikia, lakini meza ya Bwana hukuisogelea, ndoa hukufunga, na watu wakitoka walikupita bila kukupa mkono. Na aliyekibeba kiti mpaka nje hakuwa mzee wa kanisa wala shemasi. Alikuwa ni shahidi.

Utaratibu huo aliuleta Mzee Hezroni, seremala wa hoteli na mzee wa kanisa letu, mtu mrefu aliyekuwa na penseli nyuma ya sikio hata siku za ibada. Aliuchota kwenye Torati, mahali inaposemwa kwamba mtu akihukumiwa kupigwa mawe, mkono wa shahidi utangulie, ndipo wengine wafuate. Tangu auanzishe, miaka sita, hakuna kiti kilichotoka. Watu walinong'ona, wakalalamika, wakatajana kwa mafumbo, lakini walipoambiwa, "Haya, njoo ukibebe kiti cha mwenzako," walikumbuka wana safari. Mimi niliona huo ni ulegevu. Nilikwisha kusema hivyo mbele za watu zaidi ya mara moja, na kwa sauti.

Robo ile ya mwaka, katika darasa la Sabato, tulisoma sheria za Musa, na Sabato moja tukafika kwenye kisa cha yule mtu aliyekutwa jangwani akiokota kuni siku ya Sabato, akapelekwa mbele ya Musa, akafungiwa, kisha akapigwa mawe mpaka akafa. Mpishi mmoja akacheka kwa uchungu. "Kuni tu, Mzee? Mtu auawe kwa kuni?" Penina, ambaye darasani alikuwa msemaji wa mara chache, akasema, "Labda alikuwa na mgonjwa nyumbani anayetaka uji." Watu wakaguna kumkubali. Hapo nikasimama. Nilisema kosa halipimwi kwa ukubwa wa mzigo, linapimwa kwa ukubwa wa aliyekosewa. Nilisema huruma ya kibinadamu ndiyo mlango wa kila uasi. Nilisema anayeiona adhabu ya Mungu kuwa kali hajaijua dhambi yake. Nilisema vizuri, Mungu anisamehe. Walinipigia makofi, nami nikakaa na mashavu ya moto, nikamwona Penina naye anapiga makofi, ananitabasamia, kama mama aliyemsikia mtoto wake akikariri shairi shuleni.

Mzee Hezroni hakupiga makofi. Aliizungusha penseli yake vidoleni, akasema, "Dada Roda amesema kweli nusu. Sheria ni kali, hilo hatuwezi kulipaka rangi. Lakini tazameni ilivyofungwa kamba. Shahidi mmoja hatoshi, lazima wawili. Aliyeshuhudia atupe jiwe la kwanza yeye mwenyewe, asijifiche nyuma ya watu. Na akionekana amesema uongo, apewe yeye adhabu aliyotaka mwenzake apewe. Mimi nikiisoma, naona haikuandikwa kumtisha mkosaji peke yake. Imeandikwa kumtisha shahidi." Yule mpishi hakukubali. "Lakini wa kuni alikufa, Mzee." Mzee Hezroni akairudisha penseli nyuma ya sikio. "Alikufa," akasema. "Na juu ya huyo sina la kuwaambia. Tangu ujana wangu nakisoma kisa kile, na kila mara natamani mtu mmoja tu pale angeuliza zile kuni zilikuwa za nani." Mimi niliona amekwepa swali. Niliandika hivyo pembeni mwa daftari langu, na daftari hilo ninalo hadi leo.

Hila yangu ya kuipata Jumamosi ilikuwa Bi Mwanasha. Alikuwa Mdigo wa makamo, mnene, mwenye mzaha, aliyekuwa akipiga pasi foronya huku akizungumza nazo. Yeye alitaka Ijumaa yake, mimi nilitaka Jumamosi yangu, tukabadilishana zamu na msimamizi akaridhia. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akanikatia kipande cha mkate wa sinia alichokifunga kwenye karatasi. "Marahaba, mwanangu. Ijumaa yetu weye wafua, Jumamosi yenu miye nafua. Huko mbinguni watatutafuta hawatujui nani ni nani." Siku moja nilimhadithia lile somo la mawe, nikidhani atanivika taji. Alizima pasi kwanza. "Kwetu pia yako makali," akasema. "Lakini liko jambo kwetu lataka mashahidi wanne, mwanangu. Wanne, walioona kwa macho yao! Wajua kwa nini? Ili mtu afunge mdomo wake." Kisha akacheka, akaiwasha tena pasi. Sheria yangu mwenyewe ilisema mgeni aliye malangoni kwako naye apumzike siku ya Sabato, na mimi kila Jumamosi nilipumzika juu ya mgongo wa Bi Mwanasha. Kifungu hicho nilikijua kwa moyo. Sikuwahi kukipeleka londri.

Basi Alhamisi moja, msimu wa wageni umepamba moto, Bi Mwanasha alinishika mkono karibu na kamba za kuanikia. "Jumamosi usinitegemee. Binti yangu ashikwa na uchungu Msambweni, nami nakwenda. Mtafute mtu." Nilimwendea msimamizi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. Alisema hoteli imejaa, mashuka ni mlima, na mimi ni kibarua tu. Nisipokuja Jumamosi, Jumapili pia nisije. Nikamjibu kwamba Mungu atafanya njia. Nilirudi nyumbani nimeinua kichwa, nikamweleza Penina yote, nikamwambia sitakwenda hata wanifukuze mara saba. Penina alikuwa anachambua maharage. Yeye aliajiriwa kabisa, si kibarua, na Jumamosi zake alikwisha kuzipata kwa barua, baada ya kuzihangaikia miaka mitatu. Aliniuliza swali moja tu. "Ukifukuzwa utakula nini, Roda?" Nikamjibu kwa mfano wa kunguru waliomlisha nabii. Akaendelea kuchambua maharage.

Ijumaa alasiri, baada ya zamu, nilikuwa nimejilaza, Penina ukumbini na kijana aliyetumwa na msimamizi kuja kuuliza kama nitafika kesho. Kuta, nimekwisha kusema, hazikufika juu. Nikasikia kila neno. "Mwambie kesho mtu atakuja," Penina alisema. "Nani?" kijana akauliza. "We mwambie mtu. Mashuka yakifuliwa anataka jina la nini?" Nilivuta kanga nikajifunika mpaka kichwani. Hakuna siku nyingine maishani mwangu ambayo nimejitia hamnazo kwa bidii namna ile. Penina alipoingia kupika chakula cha Sabato kabla jua halijatua, nilijifanya nimetoka usingizini. Alipika maharage ya nazi na chapati kumi, akavitia kwenye chombo cha kuhifadhi moto, akasema, "Zamu yako usiihangaikie. Imepata mtu." Nikasema, "Bwana asifiwe." Nikala vizuri usiku ule, na kesho yake mchana, baada ya ibada, nikala tena. Chapati zilikuwa laini bado. Kiti chake kilikuwa kitupu, safu ya tatu karibu na dirisha, na kila macho yangu yalipokigonga niliyarudisha kwenye kitabu cha nyimbo. Alirudi jua linatua. Vidole vyake vilikuwa vimenyauka kwa maji na alinuka dawa ya kung'arisha. Aliketi ukingoni mwa kitanda akanyoosha miguu. "Somo lilikuwaje?" akaniuliza. Nikamsimulia somo.

Ndugu mmoja wa kanisa, Josfati, muuzaji wa vinyago, alimwona akitoka lango la wafanyakazi na sare yake. Kufikia Jumanne wazee walikuwa wameambiwa. Jumatano Mzee Hezroni alikuja chumbani kwetu, Penina yuko kazini. Hatukuwa na kiti cha kumpa mgeni. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, magoti yake karibu yaguse kidevu, nikampa chai. Alizungumza akiitazama chai yake. "Josfati amesema alichoona. Lakini ni mmoja, na mmoja hatoshi. Kama hakuna mwingine aliyeona, jambo hili Sabato litakufa lenyewe. Sikuulizi kitu, binti yangu. Nakwambia tu sheria inavyosema." Akanywa chai, akashukuru, akaenda. Mlango aliniachia wazi kabisa. Nami nikauona, nikajua ni mlango, nikajua unaelekea wapi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini Sabato ile nilisimama kanisani. Zamani nilijijibu kwamba ni bidii ya ujana, na jibu hilo ni zuri, mtu anaweza kulitaja hata kwenye ushuhuda kanisani. Lakini si kweli. Kweli ni kwamba niliogopa Penina akiachwa, watu wataendelea kuuliza alikuwa akifanya nini londri Jumamosi, yeye mwenye barua yake ya ruhusa. Na mtu mmoja mwenye akili atahesabu zamu na kufika kwangu. Nikasimama upande wa wenye mawe ili nisitazamwe. Mzee Hezroni alipouliza kama yuko shahidi wa pili, kimya kilikuwa kimeanza kukaa vizuri, na watu wameanza kupumua. Nikasema, "Nipo." Nikaeleza alivyotoka alfajiri na sare, alivyorudi na vidole vilivyonyauka. Kila neno lilikuwa la kweli. Mzee Hezroni alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Kisha akauliza, polepole, "Zamu ile ilikuwa ya nani?" Nikasema, "Sijui."

Penina alikuwa amekaa mahali pake, safu ya tatu. Aligeuka akanitazama. Nimeshatazamwa kwa chuki baadaye maishani, na chuki mtu huizoea. Yeye alinitazama kwa mshangao, kama aliyeambiwa nimeanguka na anataka kujua nimeumia wapi. Mzee Hezroni akamgeukia yeye. "Dada Penina, una la kusema?" Akasema, "Nilifanya kazi siku ya Sabato. Ni kweli." "Kwa sababu gani?" "Nilifanya kazi, Mzee. Ndivyo ilivyokuwa." Basi ikabaki kubeba kiti. Alisimama, akakisogeza kidogo ili nikipate vizuri. Nilikishika nikatoka nacho kati ya safu, watu wakikunja miguu kunipisha. Kilikuwa chepesi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kitu kizito, nikakuta ninakibeba kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika Biblia. Nikakiweka barazani chini ya dirisha, nikarudi ndani kuimba.

Alikaa pale Sabato nne. Jambo lenyewe lililokuwa hatarini sisi sote tulilijua: alikuwa aolewe Desemba na Amosi, dereva wa watalii, kijana mpole wa kanisa letu. Sare za harusi zilikwisha kushonwa. Mtu wa barazani hafungi ndoa, kwa hiyo ilikuwa ni kungoja mwaka. Penina alikuwa na miaka thelathini na miwili, na mwaka kwake haukuwa mwaka mmoja. Mama yake Amosi alishuka kutoka bara, akamkuta mkamwana wake mtarajiwa ameketi nje kama aliyekuja kuomba, akauliza amefanya nini. Watu wakamjibu kwa kuinua mabega, na mabega hayo yalimwambia makubwa kuliko mashuka. Uchumba ukafa kabla ya Oktoba kwisha. Sabato ya nne nilimsikia mwanamke mmoja, wakati wa kutoka, akimwambia mwenzake, "Lazima kulikuwa na mwanamume. Nani anaadhibiwa mwaka mzima kwa kufua?" Walikuwa wanapita mbele ya kiti chake. Hawakujali kushusha sauti.

Jumapili iliyofuata nilimkuta anafunga virago. Alikuwa amepata kazi ya kupika kwenye mkahawa mmoja Taru, wanakosimama madereva wa malori na wauza mbuzi. Nilisimama mlangoni, nguo zangu zimetundikwa nyuma yangu kwenye msumari alionipa. Nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyeonewa, "Kwa nini hukusema zamu ilikuwa yangu?" Alikuwa anakunja lile pazia. Alilitazama, akalikunjua, akalirudisha dirishani. "Viti viwili nje vingemfaa nani?" akasema. Akaendelea kufunga. Kisha, bila kugeuka, "Ila wewe ungeweza kusema, Roda." Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kutoka kwake. Mzigo alipoufunga, akakipindua juu yake kiti chake, alichokuwa amekitoa kanisani, akakifunga kwa kamba. Mwezi ule ule Mzee Hezroni aliwaomba wazee waufute utaratibu wa viti, wakaufuta. Miaka baadaye, alipokuwa mgonjwa nami nikaenda kumtazama, aliniambia jambo hilo bila mimi kumuuliza. "Nilidhani mkono wa shahidi utatetemeka," alisema. Nilimpa maji. Sikumwambia zamu ilikuwa ya nani, wala sidhani alihitaji kuambiwa.

Taru nilifika mazishi yamekwisha. Niliambiwa Penina aliolewa na Mduruma mmoja mfuga mbuzi, mtu asiye wa kanisa letu wala la mtu yeyote, akazaa binti mmoja, Mbeyu, akafungua mkahawa wake. Nilimkuta Mbeyu jikoni, uani, anachagua mchele wa matanga kwenye ungo. Ana mikono ya mamake. "Shikamoo," akasema. "Karibu. Wewe u nani wa mama?" Nikamtajia jina langu. Uso wake ukafunguka. "Mama Roda! Mama alikutaja sana. Ati mlilala kitanda kimoja, na ulijua Biblia nzima." Nikaomba ungo nimsaidie, kwa kuwa sikuweza kusema nililokuja kulisema huku mikono imekaa bure. Nikamwambia yote, tangu Bi Mwanasha mpaka neno "Sijui". Mbeyu aliendelea kutoa mawe kwenye mchele, moja moja, akiyatupa nyuma yake.

"Mama alituambia alifanya zamu yake mwenyewe," akasema mwishowe. "Alisema alitaka siku za ruhusa ya harusi, akajipunja Sabato. Sikuzote alisema hivyo. Hata alipokuwa anaumwa." Akaniangalia. "Alijua kwamba unajua?" Nikasema alijua. "Na ulikuwa Ukunda siku zote hizi?" Nikasema ndiyo. Akaupokea ungo kutoka mikononi mwangu. Nilitazamia anitukane, na nilitamani anitukane. Aliingia ndani, akatoka na kiti cha plastiki kilichopauka, mguu mmoja umefungwa waya, na nyuma ya egemeo herufi zilizobaki za rangi ya kucha: P, kisha pengo, kisha NINA. "Alikuwa hataki mtu akikalie," akasema. "Hata baba. Sisi tulidhani ni cha kanisa, chaheshimiwa. Kichukue. Kilitoka kwenu, kirudi kwenu. Mimi sitaki kukiona hapa." Nikakichukua. Hakunisindikiza.

Sabato iliyofuata nilifika kanisani kabla ya wote. Sasa tuna dari na feni, lakini viti ni vile vile vya plastiki, na kila mtu bado ana chake. Nilikiweka cha Penina safu ya tatu karibu na dirisha. Kisha nikakitoa changu, nikakipeleka barazani, nikakaa. Ile sheria ya shahidi wa uongo niliikumbuka neno kwa neno: apewe yeye alichotaka mwenzake apewe. Ukiniuliza leo kama adhabu kali za Torati zilikuwa za haki, mengi sijui, na kuhusu yule wa kuni nimefika alipofika Mzee Hezroni. Lakini hiyo moja naijua kuwa ni haki, kwa kuwa ni yangu, na nilitaka kuipata kabla sijafa. Watu walipoanza kuingia walisita. Wazee walinisalimu, "Mama Roda, joto ndani?" Vijana walinipa mkono. Wa enzi zile walikwisha kurudi bara au kufa, na hakuna hata mmoja aliyejua maana ya kiti kilichowekwa hapo.

Mzee wa kanisa wa sasa ni kijana wa miaka thelathini na tano, mhasibu wa hoteli, anayenipenda kwa kuwa nilimfundisha darasa la watoto. Alitoka akachutama kando yangu. Nikamwambia. Alisikiliza yote, kichwa ameinamisha, na nilipomaliza akanishika bega. "Mama, utaratibu huo ulifutwa kabla sijabatizwa. Na hata ungekuwapo, wewe ndiwe uliyetufundisha: shahidi mmoja hatoshi. Wa pili yuko wapi?" Wa pili alikuwa kaburini Taru, na alipokuwa hai aliulizwa akasema alifanya kazi, ndivyo ilivyokuwa. "Bwana amekwisha kukusamehe," kijana akasema. "Njoo ndani, tunaanza." Akakichukua kiti changu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika Biblia, akaingia nacho. Sikuwa na pa kukaa nje. Nikamfuata.

Alikiweka safu ya tatu, kando ya cha Penina. Watu walikuwa wengi siku hiyo, viti vimebanana mpaka mlangoni. Msichana mmoja mgeni, mfanyakazi mpya wa hoteli fulani kwa jinsi nywele zake zilivyofungwa kikazi, hakuwa na kiti bado. Alipita kati ya safu akitafuta, akafika kwetu, akainama akaninong'oneza sikioni, adabu zake zote, "Shikamoo mama. Hapa pana mtu?"

Nikamwambia pana mtu.